Kwa Nini Nilikunyang'anya Ile Gunia

Mumbua mwanangu,

Umeenda kwa Mama Naserian kuaga na mimi nimebaki hapa na begi yako. Najua utakawia, kwa sababu yule mama hawezi kukuachilia bila chai. Kwa hivyo nimechukua kalamu yako ya kijani, ile nyeusi imekwisha, na nimekaa juu ya ndoo. Niko na maneno ya kukuambia na unanijua, kwa mdomo hayatoki. Tukikaa hapa mimi na wewe nitakuuliza kama umeweka sweta, utasema ndio, na kesho asubuhi utapanda gari ya Machakos.

Mambo ya sweta sitaandika. Kuoga, kusoma, kumsaidia susu kuteka maji, hiyo yote unajua kunishinda. Dawa yako ya kupuliza iko kwa mfuko ya mbele. Nimemaliza hapo.

Nataka kukuambia kuhusu gunia.

Tangu ile jioni hujaniongelesha vizuri. Unanijibu, ndio. Unapika, unanipatia sahani na mikono miwili venye nilikufundisha. Lakini ile kuongea yako ya zamani, ya kuniambia nani alianguka shuleni na nani alikuja na viatu vya mama yake, hiyo ilikwisha siku nilikushika mkono na kukunyang'anya gunia. Nilikushika kwa nguvu. Sijawahi kukushika hivyo. Ulisema, "Hata wewe uko upande yake," ukaingia kwa nyumba. Mimi nikabaki nje na gunia kama mtu ameiba.

Sitaki uende na hiyo. Unaenda kukaa na susu, mama yangu, kule Mbooni, sijui mpaka lini, na kitu kama hiyo ukiibeba ukiwa mbali inakuwa kubwa. Wacha nianze penye ilianza.

Baba Ivy alinipata kwa mjengo, hapa Kitengela, nikikoroga simiti. Ulikuwa mdogo. Mama yako alikuwa ameshaenda kuolewa kwingine na nilikuwa nakuacha na mama mwenye kuuza chai hapo kando. Baba Ivy alikuwa amekuja kumwona rafiki yake mwenye nyumba. Wenzangu walikuwa wanamwita mdosi, wanamwomba soda. Mimi nilikoroga tu. Akasimama akaniangalia, akaniuliza jina, nikamwambia. Akasema, "Mtu kama wewe ndiye natafuta. Mtu hana maneno mengi."

Nilifurahi, Mumbua. Maisha yangu yote watu walikuwa wananicheka kwa kunyamaza. Niliacha shule darasa la sita na hakuna mtu alishtuka, ni kiti tu ilibaki tupu. Sasa mtu wa ofisi, mtu wa tai, anasema kunyamaza kwangu ni kitu ya maana. Sikujiuliza ni kwa nini mtu anatafuta mtu hana maneno. Ningejiuliza hapo, labda hii barua haingekuwa.

Yeye na familia yake walikuwa wamepanga nyumba kule Gataka, Rongai, na hii shamba alikuwa amenunua ya kujenga akistaafu. Huku mbele wakati ule hakukuwa na mtu, ni punda milia tu na fensi za watu wa Nairobi. Akatujengea hii chumba ya mabati. Kazi yangu ni kulala hapa, kuangalia fensi, na kumwagia maji miti yake.

Na hakuwa mtu mbaya. Hiyo ndiyo inaniuma, kwa sababu angekuwa mbaya ningemwangalia vizuri. Jumapili wakitoka kanisa walikuwa wanakuja na chapati kwa hotipoti, mama Ivy anakupatia nguo za Ivy zimemkaza. Kwa mjengo nilikuwa naitwa "wewe". Yeye aliniita Baba Mumbua. Mtu akikuita na jina ya mtoto wako, unaona kama amekuingiza kwa nyumba yake.

Halafu akaleta lori ya mbolea, ya kupanda avokado na machungwa. Ilimwagwa hapo karibu na tanki. Hakuna mtu alijua hiyo mbolea imetoka wapi, na mimi nani niulize mbolea imetoka wapi. Nikaisambaza shamba mzima na beleshi, hata mahali hakukuwa na mti, nikiona nafanya kazi ya ziada.

Mvua ikanyesha. Ikatoka ile majani, laini, imekatika katika kama ya karoti. Wewe ulisema ni karoti, ukang'oa moja uangalie chini, ukapata mzizi tu. Mbuzi wa watu wakaingia wakanusa wakaiacha. Ikatoa maua nyeupe, ndogo kama mchele. Wewe na Ivy mkawa mnacheza harusi nayo. Ivy ndiye alikuwa bibi harusi kila mara, wewe wa kushika maua, na Baba Ivy akawapiga picha na simu akicheka mkipiga chafya.

Na mimi babako nikaona vijiti vya hiyo majani vikikauka vinakuwa nyepesi na ngumu, nikafunga na blada ya baiskeli nikakutengenezea fagio. Kwetu hakuna mtu hununua fagio ya uwanja, unakata kitu ya porini unafunga. Nilijisikia nimefanya kitu. Kila asubuhi kabla ya shule ulifagia na hiyo fagio, vumbi na mbegu inaruka mpaka kwa nywele yako. Ukikohoa nilisema ni baridi ya asubuhi. Ukikohoa sana nilikuambia uvae sweta. Unaona kwa nini leo siandiki mambo ya sweta.

Mtu wa kwanza kunionya alikuwa Mama Naserian. Alikuja akasimama nje ya fensi na fimbo yake, akanisalimia Kimaasai.

"Sopa, Baba Mumbua."

"Ipa."

"Hii maua yako ni mzuri. Ni mzuri mpaka maziwa yangu imekuwa chungu kama dawa."

Nikamwambia, "Si yangu, mama. Ni ya shamba."

"Na shamba ni ya nani?"

"Ya mwenyewe."

"Mwenyewe analala wapi?"

"Rongai."

"Kwa hivyo mimi nifunge safari mpaka Rongai kuongea juu ya majani? Mimi naongea na mtu naona. Ng'ombe wangu wakikosa nyasi wanakula hiyo kitu, wanatoka vidonda kwa mdomo. Toa. Ikijaa hapa, wewe utabeba godoro yako uende. Ikijaa kwetu, sisi tutaenda wapi?"

Nikampigia Baba Ivy simu. Akasema, "Hiyo ni majani tu, Baba Mumbua. Jua ikiwaka itakufa." Nikasema sawa. Nikamwambia Mama Naserian venye nimeambiwa. Alitema mate kando, si kwa ubaya, akasema, "Basi nitaenda kwa chifu. Nakuambia leo tukiangaliana, ndiyo usisikie kwa watu."

Akaenda. Nilikasirika na yeye sana. Nilikukataza kwenda kwake kuchukua maziwa, unakumbuka, tukanywa chai ya strungi msimu mzima kwa sababu babako amekasirika. Niliona jirani anatuchomea. Kumbe katika watu wote ni yeye peke yake aliniambia kitu kabla ya kuifanya.

Ofisa wa kilimo, Madam mmoja, alitoka Kajiado na gari ya serikali, akiwa na chifu. Alivaa glavu, akang'oa moja, akaishika juu watu waone. Akasema serikali imeweka hii majani kwa zile hazikubaliwi kwa shamba ya mtu yeyote. Ilitoka nchi za mbali na hapa hakuna mdudu wa kuikula. Mwenye shamba anapewa notisi aitoe. Akikataa anapelekwa kortini, na serikali inaleta watu wa kuitoa na yeye ndiye analipa. Mimi nilisikia korti tu.

Alipomaliza, hakupanda gari. Alikaa kwa mlango, miguu nje, akachokora chini ya viatu na kijiti. Akamwambia dereva aoshe magurudumu. Wewe ukaninong'oneza, "Baba, ofisa anaogopa matope." Akasikia.

"Siogopi matope, mama," akakuambia. "Hii mbegu ni ndogo kuliko kiroboto. Nikiibeba na kiatu yangu mpaka Kajiado, mimi nitapewa notisi na nani?"

Ukacheka. Na mimi nilicheka. Lakini niliangalia venye anafanya, kila mstari ya soli, mpaka kwa kisigino.

Akaniambia mimi niing'oe kabla haijatoa maua. Ile imetoa maua iwekwe kwa gunia na ichomwe. Nifunike mikono na pua. Na mtoto asikaribie. Aliona fagio yako imeegemea ukuta, akaniangalia, akaiweka kwa gunia yake mwenyewe.

Jumamosi Baba Ivy alikuja. Bila Ivy, bila hotipoti. Alikuwa ameogopa. Sikuwahi kumwona akiogopa, na nikamhurumia, nikakuambia umtilie chai ya maziwa ya duka. Tulikaa hapa kwa mlango, yeye kwa kiti, mimi juu ya hii ndoo.

"Baba Mumbua, hawa watu wataniaibisha. Unajua ofisini ikisikika niko korti?"

"Naelewa."

"Nisaidie tuitoe yote. Glavu nitaleta, na zile za kufunika mdomo. Nikimalizana na serikali, wewe utakaa hapa mpaka Mumbua amalize shule. Hata amalize koleji. Mungu ananisikia."

Akanishika mkono na mikono yake miwili. Akaomba. Wewe ulikuwa umesimama na chupa ya chai ukafunga macho. Mimi sikufunga. Nilikuwa naangalia mikono yake juu ya yangu na nilikuwa nawaza, sasa huyu mtoto ako na mahali.

Basi tukaanza. Kila Jumapili niliambiwa glavu zinakuja, hazikuja. Wewe ndiye ulikusanya karatasi za nailoni za mkate, ukazivaa kwa mikono, ukafunga na blada. Nilikukataza. Ukasema, "Baba, peke yako hutamaliza na Madam atarudi." Nikanyamaza. Unajua kunyamaza kwangu kuko namna mbili, na hiyo ilikuwa ya kukubali. Ukitoka shule ulitupa begi ukaja kwa laini yako, unaimba, unanihesabia nani amejaza gunia. Tukitoa inatoka tena. Mvua ikinyesha kidogo, asubuhi ardhi ni kijani. Ngozi yangu ya mikono ikawa kama ya mamba, na usiku nilikuwa najikuna na kitu ya kusugua sufuria. Hiyo haikunisumbua. Ni kifua yako.

Siku ulikosa pumzi nikakupeleka kliniki, daktari aliuliza kitu gani inatoa maua nyumbani. Nilimwambia tunaing'oa, tunakaribia kumaliza. Akasema, "Mtoto huyu asirudi karibu na hiyo kitu." Nikatoka nje nikampigia Baba Ivy. Nilitaka kumwambia aweke mtu mwingine. Aliposhika simu alisema kabla sijaongea, "Baba Mumbua, umefika wapi na ile kazi?" Nikasema, "Tuko mwisho." Hiyo tu ilitoka. Wewe ulikuwa kwa benchi na ile kitu ya kupumulia kwa uso, na mimi namwambia mtu tuko mwisho.

Nimejaribu kujiuliza kama hapo alikuwa ameshapanga. Nafikiri ndiyo. Lakini hata kama hakuwa amepanga, sikumpatia nafasi ya kuwa mtu mzuri. Sikumwambia uko kwa hospitali. Mpaka leo nafikiri hajui.

Siku ofisa alirudi kuangalia, Baba Ivy alikuja na mwanaume mwenye buti za ngozi. Nilifikiri ni wa serikali. Alikuwa anatembea kutoka kona mpaka kona na hatua ndefu, hatazami chini penye tuling'oa, anaangalia mbali, kama mtu anaona nyumba imeshasimama. Niliona hiyo. Mimi huona vitu. Shida yangu ni penye vitu vinaenda nikishaviona.

Ofisa alizunguka, akainama hapa na pale, akakuna mchanga na kidole. Akasema, "Pasafi. Umejitahidi." Alikuwa anaongea na Baba Ivy.

Baba Ivy akasema, "Niliweka watu, Madam. Sheria ni sheria."

Ulikuwa umesimama kando yangu na karatasi ya mkate bado iko kwa mkono moja. Hatukuwa watu aliweka. Tulikuwa wewe na mimi. Uliinua uso ukaniangalia, ukangoja. Nilikuona. Niliangalia chini.

Halafu akamgeukia yule wa buti. "Si umejisikilia mwenyewe? Hakuna kesi."

Hapo ndiyo nilielewa. Yule hakutaka kununua shamba iko na notisi ya serikali. Ile chai, ile maombi, karatasi za mkate, kifua yako, yote ilikuwa ya huyu mtu wa buti aseme sawa. Tulikuwa tunang'oa nyumba yetu sisi wenyewe, na mizizi.

Gari ya serikali ilipoondoka, Baba Ivy akanivuta kando. "Baba Mumbua, huyu ndiye mwenye shamba sasa. Mwisho wa mwezi anataka kuleta mawe ya kujenga. Wewe ni mtu wa kuelewa."

Nilikuwa na maneno mengi. Kitu ilitoka ni hii: "Ivy atakuja kumuaga Mumbua?"

Akaangalia simu yake. "Ivy ako na mtihani."

Uliniuliza jioni, "Baba, mbona hukusema?" Sikukujibu. Nakujibu leo. Sikusema kwa sababu nilifikiri yeye atasema. Nilikuwa namngoja. Mpaka ofisa anafunga mlango ya gari nilikuwa bado namngoja amwambie, "Madam, huyu na msichana wake ndiyo walifanya." Nilimwamini mpaka mwisho, mpaka baada ya mwisho. Sikuambii uwe mtu wa kelele, huwezi, uko na damu yangu. Lakini ukijikuta unangoja mtu akuongelee, angalia vizuri huyo mtu.

Sasa gunia.

Ilikuwa ile ya mwisho, ya maua tulitoa kando ya fensi, ikingoja kuchomwa. Nilitoka nyuma ya nyumba nikakupata umeifungua, umeishika chini juu, unaitingisha juu ya ile ardhi safi. Ulikuwa unalia bila sauti. Ulisema, "Wacha imee. Imee mpaka kwa kitanda yake."

Ndipo nilikurukia.

Ulifikiri nachunga shamba ya Baba Ivy. Mumbua, mimi pia nilikuwa nimeiangalia hiyo gunia. Unafikiri ilikaa siku hizo zote bila kuchomwa kwa nini? Kiberiti ilikuwa. Kila nikipita nilikuwa naona yule wa buti anaamka mvua ya kwanza anapata kijani mpaka mlangoni, ofisa anamletea notisi, anamtafuta Baba Ivy na simu haishikwi. Nilikuwa nacheka peke yangu nikifikiria. Halafu nikatoka nikaona hiyo kitu nimefikiria iko kwa mkono yako, na vumbi yake inaenda kwa uso yako, kwa hiyo kifua.

Na upepo. Jioni upepo ya hapa inatoka kwa barabara inaenda kwa Mama Naserian. Kila siku, unajua wewe mwenyewe, ndiyo moshi yetu inaingia kwake. Hiyo mbegu haingemngoja Baba Ivy. Yeye ako Gataka, analala. Ingeanza na maziwa ya yule mama. Ingeanza na wewe. Ndiyo nikakushika, na nikakushika vibaya kwa sababu niliogopa, na sikuwa na maneno ya kuweka kando ya hiyo nguvu. Sikuwa upande wake. Nilikuwa upande wako na ulikuwa unaumia kwa mkono yangu. Nisamehe mkono. Gunia siombi msamaha, hata kesho ningekunyang'anya.

Niliichoma asubuhi ukiwa shule.

Kuna kitu ingine hujui. Siku ya soko Mama Naserian alikuja hapa. Nilikuwa sijamsalimia miezi mingi. Akasema, "Nimesikia yule wa Rongai amekung'oa kama majani." Nikashindwa kucheka, yeye akacheka kwa niaba yangu. Akasema ako na mbuzi wa kupeleka Kajiado na hana mtu wa kumsaidia. Nilijua watoto wake wako. Nikaenda.

Mbuzi walipouzwa nikamwomba anipatie dakika, nikaenda ofisi ya yule Madam. Nilisimama kwa mlango mpaka akaniona. Nikamwambia. Sijui nilianzia wapi, lakini nilimwambia kwamba hakuna watu waliwekwa. Ni mimi na msichana wangu.

Akasema, "Niliona mikono yako siku hiyo."

Nikamuuliza, "Na mbona hukuuliza?"

"Sheria inaniuliza shamba ni ya nani na kama ni safi. Haina mahali inaniuliza nani aling'oa." Akaangalia meza. "Ningeuliza tu kama mtu. Ni kweli."

Hiyo haikurudisha nyumba. Alisema hana la kufanya na nilimwamini, kwa sababu hakunishika mkono. Alisema pia hiyo mbegu inaweza kulala kwa mchanga miaka, mvua ikija itatoka tena, na notisi itaandikwa jina ya mwenye shamba mpya. Zamani hiyo ingenifurahisha. Nilifikiria tu kwamba itatafutwa mtu mwingine hana maneno mengi.

Nikamuuliza kama huko milima ya Mbooni hiyo majani iko. Akasema kwa penye unaenda bado hajasikia. Akasema, "Asiibebe." Ndiyo nilijua ni wapi utapona.

Mimi usiwe na wasiwasi. Mama Naserian amenipatia ile chumba kando ya boma, nitamsaidia na mifugo na kuchunga hiyo majani isivuke. Na kuna kitu atakuambia leo kama hajakuambia tayari. Amekutolea kondoo jike, yule wa sikio moja nyeusi. Itakaa hapa na mimi, ikizaa ni yako. Wamaasai wakikupatia kondoo hawakuiti tena na jina. Mtaitana Paker, yeye kwako na wewe kwake, mpaka mmoja afe. Usishangae. Jibu tu. Baba Ivy aliniita na jina yako miaka hiyo yote na haikumfunga na kitu. Sasa utaitwa na jina ya kondoo, na hii mara nimeangalia vizuri huyo mtu anaita.

Ivy usimchukie. Alikuwa mtoto kwa ile harusi kama wewe. Kama siku moja atakutafuta, ongea naye. Babake mwachie mimi, na mimi simfanyii kitu. Naona tu sitaacha kumsikia kwa kichwa akisema "Mungu ananisikia".

Viatu vyako vya shule ziko hapa mbele yangu. Nimeziosha na maji moto, nikachukua msumari nikapita kila mstari ya soli, mpaka kwa kisigino, venye yule Madam alifanya. Kulikuwa na mbegu, hizo ndogo nyeusi, nyingi kushinda venye nilifikiri. Zimeingia kwa moto. Pindo ya sketi nimekung'uta, na mfuko ya begi nimepindua nje. Sweta pia, basi nimeitaja.

Nasikia mbwa wa Mama Naserian wanakusindikiza. Unaongea, na sauti yako ni ile ya zamani, ya kueleza mtu kitu ndefu. Sijasikia ukikohoa.

Hii barua naikunja naiweka kwa kiatu ya kushoto, uipate kabla hujakanyaga. Ndani ya hizo viatu hakuna kitu ingine ya hii shamba.

Babako